Mnunuzi wa Mbao na Kuni za Jikoni: Historia Fupi ya Miti ya Bonde la Rufiji



Leo sizungumzii mbegu wala dawa ya korosho. Nazungumzia mgeni ambaye kama hajafika kwako, atafika. Atakuja na pikipiki, daftari mfukoni, na maneno matamu. Atauliza kama shambani kwako au kwenye msitu wa kijiji kuna mninga, mkongo au mpangapanga. Atataja bei ya mti mzima, si bei ya ujazo, na atataka jibu leo leo kwa sababu lori linasubiri barabarani.

Kabla hujamjibu, soma kwanza historia hii. Si ya kufaulia mtihani. Wenzako wa Bonde la Rufiji wameulizwa swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa lugha tofauti na kwa miti tofauti, na majibu yao tunayaona leo. Ninalotaka ulione ni moja: soko la mbao huja kutafuta mti mmoja wa thamani, lakini gharama yake huishia jikoni, kwa mama anayetafuta kuni.

Bonde lenyewe

Bonde la Rufiji ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Linachukua takribani kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji yanayopita Utete yametoka Iringa, Mbeya, Njombe na Morogoro. Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu huingia kabla mto haujapita kwenye korongo lililoitwa Stiegler. Mwishoni mto hugawanyika na kuingia baharini kwenye delta yenye mikoko, karibu hekta 53,000, ambayo ni kama nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara.

Kwa hiyo mto mmoja una misitu ya aina nyingi: miombo nyanda za juu na za kati, misitu ya pwani yenye mvule na mkongo, na mikoko kwenye maji ya chumvi. Biashara ilianza huko chini, kwenye mikoko.

Boriti na korija

Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakileta tende, chumvi, samaki mkavu na mazulia. Yalisubiri, yakapakia, yakarudi na kusi. Mzigo mkubwa wa kurudi ulikuwa miti ya mikoko. Huko Oman na Ghuba, kwenye nchi kame isiyo na miti mirefu, mkoko ndio ulioshika paa la nyumba.

Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe Unguja au Lamu, angalia upana wa chumba. Ni chembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata kama urefu wake ni mkubwa. Fundi hakukosa akili. Alifuata urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari zito la mawe na chokaa. Mti wa delta ndio uliopima chumba cha tajiri.

Sasa angalia jinsi biashara ile ilivyofanywa. Miti ilipangwa kwa unene, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini. Mnunuzi alijua kila daraja lina bei gani Muscat au Kuwait. Mkataji alijua malipo yake ya siku tu. Tofauti hiyo ya kujua, ndugu yangu, ndiyo iliyobaki mpaka leo. Majahazi yameondoka, yamekuja malori, lakini bado mmoja anajua kipimo na bei ya mwisho, na mwingine anajua uzito wa shoka.

Hata hivyo, mikoko ilidumu muda mrefu katika biashara hiyo. Wakataji walichagua unene uliotakiwa na kuacha mingine ikue. Kuni za nyumbani zilikuwa matawi na vipande vilivyobaki. Biashara na jiko havikugombana sana, kwa sababu havikutaka kitu kimoja.

Msitu unapata mwenyewe mwingine

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani iliitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya msitu. Kuanzia hapo mti ulikuwa wa serikali. Ukataji ulihitaji kibali na malipo. Wajerumani walitaka boriti, na walitaka pia maganda ya mikoko, kwa sababu yana dawa ya kulainishia ngozi iliyohitajika viwandani Ulaya.

Baadaye hifadhi zilipanuliwa kwenye misitu ya nchi kavu. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 kwenye vilima vya Matumbi, kusini kidogo ya Rufiji, sababu kubwa ilikuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na mateso. Lakini wapo wanahistoria wanaoongeza sababu nyingine: watu walizuiwa kutumia misitu waliyoitegemea kwa mashamba, uwindaji, sandarusi na kuni. Nalitaja hili ili ujue kwamba ugomvi wa nani mwenye msitu haukuanza na afisa misitu wa leo.

Waingereza waliendelea na hifadhi na leseni, na serikali ya uhuru ikarithi. Kwa muda wote huo mwanakijiji alizoea wazo moja la hatari: kwamba mti wa porini ni wa serikali, kwa hiyo haumhusu. Mtu asiyehusika hahesabu. Na asiyehesabu, anayekuja na pesa kidogo mkononi humpata kirahisi.

Kuhusu mikoko, mwaka 1987 serikali ilisimamisha ukataji hadi mpango wa kuisimamia uandaliwe. Wakati huo soko la Ghuba lilikuwa limeshapungua, kwa sababu mafuta yaliwaletea wenzetu saruji na nondo. Tishio kubwa la mikoko ya kaskazini mwa delta likawa mashamba ya mpunga.

Kuhama kutoka bondeni

Jambo linalosahaulika katika habari za kuni ni kuhama kwa watu.

Zamani Warufiji wengi waliishi chini kabisa bondeni, karibu na mashamba ya mpunga, mahindi na pamba. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ili mafuriko yapite chini. Mafuriko yaliharibu, lakini pia yalileta: udongo mpya, samaki, na magogo na matawi yaliyoletwa na maji. Kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja na kichaka chake cha kuokotea kuni.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu kwenda sehemu za juu, katika kile kilichojulikana kama Operesheni Rufiji. Lengo lilikuwa zuri: shule, zahanati, maji, na usalama. Lakini fikiria upande wa jiko. Kaya mamia zilikusanyika mahali pamoja, juu, kwenye msitu mkavu. Nguzo za nyumba, mashamba mapya na kuni vyote vilitoka kwenye eneo lile lile linalozunguka kijiji. Duara la kuni lilianza kupanuka. Mama aliyeokota nyuma ya nyumba akaanza kutembea.

Lakini mama hakuangusha msitu. Aliokota matawi makavu, na mti ulio hai huendelea kudondosha matawi kila mwaka.

Lawama zilizoenda kwa asiyehusika

Mwaka 1975 mwandishi wa Marekani, Erik Eckholm, aliandika kijitabu kuhusu mgogoro mwingine wa nishati, akimaanisha kuni. Dunia ilikuwa inalia kuhusu bei ya mafuta, naye akasema maskini wana shida yao ya nishati iliyo kimya. Alisaidia watu wengi kuliona tatizo. Lakini wataalamu waliofuata walichukua idadi ya watu, wakazidisha na kuni za kupikia, wakalinganisha na ukuaji wa miti, na wakatabiri kwamba nchi kama yetu zitaishiwa kuni baada ya miaka michache.

Utabiri ule haukutimia kama ulivyoandikwa. Walisahau kwamba kuni nyingi za kijijini hazitokani na kukata msitu. Zinatoka kwenye matawi makavu, kwenye shamba linaposafishwa, kwenye mapori yaliyopumzishwa, na kwenye miti ya shambani kama mkorosho na mwembe. Hapa kwetu kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980 ilihimiza upandaji wa miti, na baadhi ya vijiji vilifaidika. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu wengi ni kwamba mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani ndiye adui wa msitu.

Historia ya Rufiji haimuungi mkono anayesema hivyo. Msitu ulipungua haraka pale barabara na soko vilipofika.

Daraja la 2003

Kwa miaka mingi kivuko cha Ndundu kilikuwa kizuizi. Gari liliweza kusubiri siku nzima au zaidi, na msimu wa mvua barabara ya kusini ilifungwa. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, urefu wake karibu kilomita moja. Kwa mgonjwa, mwanafunzi na muuza korosho lilikuwa baraka, na hakuna mwenye akili anayetaka kulibomoa.

Lakini lori la magogo nalo lilivuka. Miaka ile ile mahitaji ya mbao ngumu Asia, hasa China, yalikuwa yanapanda kwa kasi. Rufiji, Kilwa na wilaya nyingine za kusini ziliona msimu wa magogo ambao haukuwahi kuonekana. Mninga, mkongo, mpangapanga na mpingo viliondoka mchana na usiku.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya mimea na wanyamapori, lilitoa ripoti juu ya msimu huo. Mambo mawili uyakumbuke. La kwanza, katika mwaka 2004/2005 hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao ambayo serikali kuu na halmashauri zingeweza kukusanya hayakukusanywa. La pili, kumbukumbu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa kwenye vitabu vyetu vya usafirishaji.

Fikiria maana yake. Kama serikali yenye mihuri, nyundo na vizuizi vya barabarani ilipoteza kiasi hicho, kijiji kilichouza kwa maneno ya mdomo kilipata nini? Vijiji vingi vilibaki na visiki, njia za malori msituni, na madawati machache yaliyotolewa kama asante.

Mawimbi kutoka mjini

Njia zile za malori ndizo kiini cha habari hii.

Watafiti waliochunguza misitu kuanzia Dar es Salaam kuelekea kusini waliona kwamba msitu hauharibiwi ovyo ovyo. Unaharibiwa kwa mawimbi yanayofuatana. Wimbi la kwanza huenda mbali na huchukua mbao za thamani kubwa. La pili hufuata nyuma yake na kuchukua mbao za bei ya kati. La tatu, lililo karibu zaidi na mji, ni la mkaa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya mwaka 1991 na 2005 mawimbi hayo yalisogea hadi kilomita 120 kutoka mjini.

Sasa weka jiko lako katikati ya mawimbi hayo. Anayechukua mninga hakunyang'anyi kuni, maana mama hapikii mninga. Ndiyo maana kijiji hakioni hasara. Lakini mninga ukiisha, njia inabaki. Lori linarudi kwa mti wa daraja la chini. Huo ukiisha, wanakuja wachoma mkaa, na mti wanaoupenda ni ule ule mama anaoupenda: mtondoro na jamii yake ya miombo, mti mgumu unaotoa moto wa kudumu. Tena mchoma mkaa haokoti. Anakata mti mzima ulio hai. Mti uliokatwa haudondoshi tawi kavu mwakani.

Hapo ndipo biashara na jiko vinapogombania kitu kimoja, na jiko hushindwa kwa sababu halina pesa.

Na mji ulikuwa na njaa. Kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa kama nishati yao kuu ya kupikia ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Mji ule ulikadiriwa kutumia nusu ya mkaa wote wa nchi.

Tufanye hesabu ndogo pamoja. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Gunia la kilo 50 kwa hiyo hula kilo 250 hadi 500 za kuni. Chukulia mzigo wa kichwa ni kilo 20. Gunia moja la mkaa ni mizigo 12 hadi 25 ya kuni. Kama nyumbani kwako mzigo mmoja unapikia siku tatu, gunia moja lililoondoka kijijini ni chakula cha kupikwa kwa mwezi mmoja hadi miezi miwili na nusu. Ukiuza gunia, linganisha bei uliyopata na kazi ya kutafuta mizigo hiyo yote mahali pa mbali zaidi. Nani ataifanya? Mara nyingi siye aliyepokea pesa.

Simlaumu mchoma mkaa. Wengi ni wakulima kama wewe ambao mvua iliwaangusha au ada ya shule iliwabana. Nasema tu tuihesabu gharama yote.

Bwawa limekuja, jiko bado

Ndoto ya bwawa kwenye korongo la Stiegler ni ya siku nyingi. Mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, mwaka ule ule umeme wa Kidatu ulipoanza. Mtera ilifuata mwaka 1988. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulizinduliwa rasmi mwaka 2019. Bwawa likaanza kujazwa mwishoni mwa 2022, na mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha mwaka 2024.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, ilitangazwa zabuni ya kuvuna miti kwenye eneo litakalofunikwa na maji: zaidi ya miti milioni 2.6. Tangu majahazi ya boriti, bonde hili halikuwahi kusikia hesabu kama hiyo kwa mpigo mmoja.

Wengi wetu tulidhani umeme ukija, kuni zitapumzika. Umeme ni mwanga, ni mashine ya kusaga, ni chaji ya simu, ni jokofu la muuza soda. Lakini kaya nyingi zenye taa bado zinapikia kuni na mkaa, kwa sababu jiko la umeme lina bei, na kuni hazina bei mpaka siku zinapokwisha. Usisubiri waya utatue tatizo la jiko.

Wenzetu wa juu ya mto

Panda mto uende Mufindi na Njombe. Huko serikali ilipanda shamba kubwa la misonobari la Sao Hill, na wakulima wadogo wakajifunza kupanda misonobari na milingoti kwenye ardhi zao. Leo mkulima wa huko husema ana miti yake kama wewe unavyosema una korosho zako. Mti kwao ni zao lenye umri, kipimo na bei.

Nao wana kosa lao, na tujifunze. Wengi huuza miti ikiwa michanga, kwa jumla, imesimama shambani, bila kuipima, kwa sababu ya shida ya ghafla. Mnunuzi mwenye kipimo hupata faida ya miaka yote iliyobaki. Unaona? Kupanda peke yake hakutoshi. Korija ya delta na msonobari wa Mufindi vinafundisha somo moja: asiyepima, hupimiwa.

Sasa ufanye nini

Haya ndiyo ninayokushauri wewe na kijiji chako.

*Kwanza, jifunze kupima gogo.* Chukua futi kamba. Pima urefu wa gogo kwa mita. Pima kipenyo katikati ya gogo kwa mita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa urefu. Mfano: gogo la urefu wa mita 2.2 na kipenyo cha mita 0.5 ni 0.5 × 0.5 × 0.785 × 2.2, sawa na mita za ujazo 0.43. Magogo mawili na kidogo kama hayo ni mita moja ya ujazo. Uliza bei ya mita ya ujazo ya aina hiyo Ikwiriri, Kibiti na Dar es Salaam kabla ya kutaja yako.

*Pili, kijiji kitenge msitu wake kisheria.* Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji haki ya kutenga hifadhi ya msitu ya kijiji na kuisimamia. Inahitajika kamati ya maliasili, mipaka iliyochorwa na kukubaliwa na majirani, mpango wa usimamizi, sheria ndogo, na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ni kazi ya muda mrefu na ina vikao vingi. Lakini msitu uliotengwa hivyo unakipa kijiji nafasi ya kupanga bei na kubaki na mapato. Jirani zetu wa Kilwa wamefanya: mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na mpingo wao ukauzwa kwa kipimo na kwa bei waliyokaa wakaijadili. Taratibu za leseni na hati za kusafirisha hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nenda kwa afisa misitu wa wilaya uulize za mwaka huu.

*Tatu, kwenye mpango huo tengeni msitu wa jiko.* Vijiji vingi hupanga eneo la mbao na kusahau kuni. Wekeni eneo la karibu na makazi ambalo mkaa haurusiwi kabisa, na kuni kavu za kupikia nyumbani zinaruhusiwa. Na wanawake wawemo kwenye kamati, maana ndio wanaojua miti ipi inawaka na iko wapi.

*Nne, usimuuzie mtu mti mmoja bila kuuliza njia.* Mnunuzi akitaka mninga kumi, muulize lori litapita wapi, na njia hiyo itafungwaje baada ya hapo. Andikeni kwenye makubaliano. Njia iliyobaki wazi ni mwaliko kwa wimbi linalofuata.

*Tano, kuni zako zipande shambani.* Mjohoro huota vizuri Pwani, na ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo panda mpakani na uvune kwa zamu. Ukipogoa mikorosho usichome matawi shambani, yakaushe uyatumie. Panda mbaazi pamoja na mahindi: utapata mboga, rutuba ya udongo, na mabua ya kuwasha moto. Na mikoko usiiguse bila kibali.

*Sita, punguza kinacholiwa na jiko.* Kausha kuni mpaka zilie zikigongwa. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Jenga jiko banifu la udongo, kazi ya siku moja, kisha pima mwenyewe: mzigo uliokuwa ukiisha siku tatu sasa unaisha lini? Wewe ndiye mtafiti wa jikoni kwako.

*Saba, wewe mfanyabiashara wa kijijini,* usijidanganye kwamba wimbi litakubakiza. Aliyejenga duka kwa pesa za magogo ya 2004 na hakuwa na bidhaa nyingine aliona wateja wake wakiondoka pamoja na lori. Msitu unaovunwa kidogo kila mwaka ni mteja wa kudumu.

Basi, mgeni akija na pikipiki yake, mkaribishe, mpe maji. Kisha mwambie asubiri mkutano wa kijiji, na umwonyeshe futi kamba. Kama ni mfanyabiashara wa kweli atasubiri. Kama hawezi kusubiri, ameshakujibu. Na kabla hamjakubaliana bei, nenda jikoni uulize swali moja: kuni za leo zimetoka wapi, na mwaka juzi zilikuwa zinatoka wapi? Umbali kati ya majibu hayo mawili uuweke kwenye bei.